Kwa Nini Twamtii Mwamuzi?

Jioni moja mzee mmoja wa ng'ambo ya Tshangalele alinijia nyumbani. Aliketi kitambo bila kusema neno, kisha akatoa bahasha mfukoni. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma seminari, wawajua watu wa Likasi. Nisaidie kumfikishia mwamuzi kitu hiki. Nimeshindwa katika kesi ya shamba langu, na mwenzangu hakushinda kwa haki."

Shamba lenyewe ni kipande cha ardhi kando ya ziwa. Ninyi mnaokaa huku mwayajua mambo haya. Maji ya Lufira, yaliyozuiwa kwa ukuta wa Mwadingusha, hupanda na kushuka. Yakishuka huacha udongo mzuri, na hapo kila mmoja husema: hapa palikuwa pa baba yangu. Tribinali ya amani ilisikiliza pande mbili, ikampa jirani haki.

Nilikataa kuishika bahasha. Mzee akaondoka na hasira. Nami usiku ule nilijiuliza swali ambalo leo nawaletea, ndugu wasomaji. Mkubwa wa askari ana bunduki. Gavana ana hazina. Mwamuzi ana nini? Ana kalamu na karatasi tu. Basi, kwa nini twamtii?

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Katiba ya nchi yetu, ya mwezi wa Februari 2006, yasema kwamba mamlaka ya kuhukumu yamejitenga na mamlaka ya kutunga sheria na ya kutawala. Mwamuzi hana bwana katika hukumu yake ila sheria. Mtawala hana ruhusa kumwagiza aamue hivi au hivi. Tena tusimchanganye na parke: parke hushtaki, mwamuzi huamua.

Nchi nyingine zina tribinali za namna mbili. Kule Marekani kila jimbo lina tribinali zake, na kando yake ziko tribinali za umoja wa nchi nzima, ambazo mwisho wake ni korti yenye waamuzi 9. Hata Tanzania, Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na kesi zake nyingi hukutana na zile za bara katika Mahakama ya Rufani. Kwetu Kongo mti ni mmoja. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, lakini mwamuzi wa Likasi hakugeuka kuwa mtu wa gavana. Huwekwa na Rais wa nchi kwa shauri la Baraza Kuu la Waamuzi, na akikosa katika kazi, baraza hilo ndilo lenye kumwadhibu.

Mti huo una matawi ya chini na ya juu. Mtu aliyeshindwa katika tribinali ya amani aweza kupanda mpaka tribinali kubwa. Kesi iliyoanza katika tribinali kubwa ya Likasi hupanda mpaka korti ya rufani, Lubumbashi. Juu kabisa, Kinshasa, iko Korti ya Kasasyo. Hiyo haiulizi tena nani alilima wapi; huuliza kama sheria ilifuatwa, na kama haikufuatwa huivunja hukumu. Kando yake liko Baraza la Nchi kwa magomvi na maamuzi ya serikali, na Korti ya Katiba yenye watu 9: watatu kwa uchaguzi wa Rais, watatu wa Bunge, watatu wa Baraza la Waamuzi. Kila mmoja hukaa miaka 9, wala hawezi kurudishwa.

Mbona ngazi ndefu hivi? Wengine hudhani ni njia ya kuwachosha maskini. Kweli, huchosha. Lakini tazameni maana yake. Ngazi hii ni ungamo. Ni nchi nzima inayokiri kwamba mwamuzi ni mwanadamu, naye aweza kukosea. Jambo hili ni la zamani. Musa alipokaa tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu peke yake, mkwewe Yethro alimwonya kwamba atajimaliza. Akamshauri aweke waamuzi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaochukia rushwa. Na neno gumu tu lipande hata kwa Musa.

Basi, jibu la kwanza ni hili: twamtii mwamuzi kwa sababu yeye mwenyewe amewekwa chini. Yuko chini ya sheria, na juu yake yuko mwingine wa kumsahihisha. Asiyeweza kusahihishwa si mwamuzi, ni mfalme.

Lakini utii huo waweza kuvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza hutoka juu. Mwezi wa Juni 2016 tribinali ya amani ya Lubumbashi ilimhukumu Bwana Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, miaka 3 ya kifungo katika kesi ya nyumba. Halafu mmoja wa waamuzi akaandika barua akisema kwamba alishurutishwa. Mwezi wa Aprili 2019 Korti ya Kasasyo ikaifuta hukumu ile. Sisemi neno juu ya siasa. Nasema tu kwamba ngazi ilifika, lakini ilifika karibu miaka mitatu baadaye.

Kinyume chake, kumbukeni Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 waamuzi wanne kati ya sita wa Mahakama ya Juu walibatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa bado ameketi kitini. Rais alisema wazi kwamba hakubaliani nao, hata hivyo akasema ataiheshimu hukumu. Watu wakapiga kura tena mwezi wa Oktoba. Mwenye askari alikubali neno la wenye karatasi.

Njia ya pili hutoka chini, nayo ni yetu sisi. Twapenda kuwalaumu wakubwa wanaomwita mwamuzi kwa simu. Je, na yule anayemjia usiku na bahasha? Wote wawili wafanya kazi moja: wamwondoa mwamuzi chini ya sheria, wamweka chini ya mtu.

Najua utasema nini, kwa maana mzee yule alikwisha kuniambia: "Mwenzangu ametoa. Nisipotoa, nimekwisha." Hili ni neno zito, wala halijibiwi kwa mahubiri mepesi. Lakini fikiri. Wote wawili wakitoa, haki imekuwa mnada, na katika mnada mwenye nyingi ndiye ashindaye. Maskini anayetoa bahasha ajenga soko ambalo yeye mwenyewe hataweza kununua kitu. Leo atashinda jirani. Kesho atakuja tajiri kutaka ziwa zima. Na tusisahau kwamba sheria ya adhabu humshika mtoaji pamoja na mpokeaji.

Tena njia ziko. Mwamuzi aliye ndugu wa adui yako, sheria yakupa ruhusa kumkataa. Hukumu lazima iandikwe na sababu zake na kusomwa mbele ya watu. Omba nakala yake. Katika kesi za mali namna hii, una siku 30 za kukata rufani. Usizipoteze kwa kutafuta mtu wa kukupeleka gizani. Fedha yenye risiti ni ada. Fedha isiyo na risiti ni kamba, nawe hujui itamfunga nani.

Siku chache baadaye mzee alirudi. Fedha ya bahasha ile ilimlipia ada ya rufani na nauli ya kwenda Likasi mara kwa mara. Siku ya hukumu niliketi nyuma yake. Alishindwa tena. Mwamuzi alisoma sababu moja baada ya nyingine: mashahidi, mipaka, miaka ambayo jirani alilima pasipo mtu kumzuia.

Njiani tulikwenda kitambo kirefu kimya. Mwisho mzee akasema: "Mara ya kwanza nilisikia tu kwamba nimeshindwa. Leo nimesikia kwa nini." Hakufurahi, wala sitawadanganya kwamba alifurahi. Lakini yeye na jirani yake wavua samaki katika ziwa lile lile hata leo, na hakuna aliyekata nyavu za mwenzake.

Ndugu msomaji, mwamuzi hana upanga. Nguvu yake yote ni imani tuliyo nayo kwamba hakununuliwa. Imani hiyo haitunzwi Kinshasa peke yake. Hutunzwa pia mfukoni mwako, usiku, wakati hakuna mtu akuonaye.