Sarafu Isiyo Yako

Iko sarafu isiyonunua kitu. Haina sura ya mfalme wala ya rais, hapana duka litakaloipokea wala benki itakayoibadilisha. Na hata hivyo wako watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wanaoitia mfukoni isitoke tena. Nimeona niizungumze sarafu hii kwa kuwa ndani yake limejificha suala kongwe: mtu asiyenijua akiniachia kitu chake njiani, bila ya shahidi wala mkataba, mimi nina haki gani juu ya kitu kile?

Tuanze na asili yake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani, kwa amri ya Rais Bill Clinton, iliacha kuzitia kasoro kwa makusudi ishara za setilaiti za GPS zinazotumiwa na raia. Kabla ya usiku ule chombo cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea mahali kwa kiasi cha mita 100. Baada yake kosa lilipungua mno. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliificha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani yake alitia vitabu, kanda za video, manati, kopo la maharage na daftari la kutia majina, kisha akatangaza kwa intaneti vipimo vya mahali pale. Sharti lake lilikuwa jepesi: chukua kitu, acha kitu. Kufikia tarehe 6 Mei ndoo ilikwisha kupatikana mara mbili. Mwezi haukumalizika ila mchezo ulikwisha pewa jina, jiokeshingi, na leo visanduku vya namna ile vimefichwa ulimwenguni kwa mamilioni. Wazo lenyewe, kwa hakika, ni la zamani zaidi. Huko Dartmoor, Uingereza, tangu 1854 wapitanjia walikuwa wakiacha kadi zao ndani ya chupa, mahali paitwapo Cranmere Pool.

Sarafu zilizuka 2001, nazo zilileta sharti jipya. Kitu cha kawaida kilichomo sandukuni hubadilishwa kwa kingine. Sarafu haibadilishwi. Imechongwa nambari yake peke yake, na nambari hiyo ina ukurasa wake ambamo mwenyewe huandika anakotaka ifike: bahari ya bara jingine, pengine, au kila mji wenye daraja la kale. Anayeikuta haachi chochote badala yake, maana hakupewa. Huiandika kwamba ameipokea, huibeba hatua moja, akaiweka sanduku jingine, na mwenyewe, aliyeketi kwake, husoma safari ya kitu chake mkono kwa mkono. Nambari moja ya aina hiyo imefika hata sayari ya Mirihi, ndani ya chombo Perseverance kilichotua huko 2021.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Hapa pana mali yenye daftari, na bado huisha bila habari. Sarafu hufika sanduku fulani, hupokewa, kisha ukurasa wake hunyamaza. Mara nyingi iliyoiponza ni sura yake. Imetiwa rangi na nakshi, imetengenezwa kwa idadi ndogo, na mkusanyaji akiiona moyo humwenda mbio.

Mkusanyaji naye ana hoja zake, na haifai kuzipuuza. Kwanza husema: imeachwa wazi, na mwenye kuacha kitu wazi ameridhia. Pili: bei yake ni ya vijidola vichache. Tatu, nayo ndiyo hoja nzito: mimi nitaitunza, ilhali sandukuni itapigwa na mvua na mwisho itapotea.

Wanachuoni wa fiqhi, ambao watu wa mwambao tumelelewa katika madarasa yao, wana mlango maalumu juu ya cha kuokota. Mwenye kuokota kitu chenye thamani hukitangaza mwaka mzima kabla ya kukitumia, na hata akishakitumia, mwenyewe akitokea bado ana dai lake. Ikiwa cha kuokota, kilichopotea kabisa, kina ulinzi wote huo, itakuwaje kisichopotea? Maana sarafu hii haikupotea. Mwenyewe anajua iliko, jina lake liko katika daftari, na agizo lake limeandikwa. Haikutupwa wala haikutolewa zawadi. Imekabidhiwa, na kilichokabidhiwa kina jina moja tu katika lugha yetu: amana. Uwazi wa sanduku haukuwa ruhusa ya kutwaa. Ulikuwa dhana njema juu ya atakayekuja. Nao uchache wa bei haubadili kitu, kwa sababu amana haipimwi kwa mizani ya sonara.

Inabaki hoja ya utunzaji. Tunaambiwa kwamba akiba haiozi, na ni kweli kwa nafaka na fedha. Sarafu hii ni kinyume chake: ikiwekwa akiba ndipo inapooza. Madini yatang'ara kabatini, lakini kilichoifanya iwe yenyewe, yaani njia iliyopita na mikono iliyoibeba, kimekatika. Mkusanyaji ametunza ganda akautupa moyo. Ndiyo maana siwaoni salama sana hata wale wamiliki ambao, kwa kuchoka kuibiwa, hupeleka nakala na kuificha sarafu yenyewe nyumbani. Nawaelewa, wala siwalaumu. Ila safari ya nakala haimjaribu mtu yeyote, na kuaminiana kusiko na cha kupoteza ni jina tupu.

Lakini, msomaji mpenzi, nadhani tukiwataja wezi peke yao tutakuwa tumejipendelea. Yamkini sarafu nyingi haziibwi. Hucheleweshwa. Mtu huichukua kwa nia njema, huiweka mtoni mwa meza hadi safari ijayo, safari haitokei, mwaka unapita, na haya inaingia: ataiandikia nini sasa? Hivyo huinyamazia. Hakukusudia hiana hata siku moja, na hiana imetimia.

Nayasema haya kwa kuwa nayajua. Katika rafu yangu limo daftari la mashairi alilonikabidhi mzee mmoja wa mtaani kwetu, limeandikwa kwa mkono wake. Aliniambia: soma, mwanangu, kisha mpe fulani. Nililisoma, nikalipenda, nikasema nitalinakili kwanza. Mzee amekwenda mbele ya haki, na huyo fulani amehamia mji mwingine. Mara nyingi nimejiambia kwamba kwangu limehifadhika, halina mchwa wala unyevu. Ni maneno yale yale ya mkusanyaji.

Makala haya yakishatoka mikononi mwangu, nitauliza anakokaa yule fulani. Nikiambiwa hayupo, nitawauliza wanawe.