Sheria, Nia na Inchi Moja

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu aghalabu hutajwa kuwaonya wakosaji, lakini maana yake ni pana kuliko onyo. Msumeno haujui mti unaokatwa ni wa nani, wala hauulizi mti huo ulipandwa kwa wema au kwa ubaya. Hapo ndipo penye sifa yake, na hapo ndipo penye hatari yake. Kwani binadamu si mti. Binadamu ana nia, na nia ndiyo inayotenga kuteleza na kuanguka. Basi yafaa tujiulize: mtu aliyekosea bila kukusudia, katika jambo dogo kabisa, na kosa lake likagunduliwa baada ya siku kupita, je, astahili adhabu kamili? Na yule aliyenufaika kwa adhabu hiyo, je, amepata haki yake au amepata cha mwenzake?

Nitalitazama swali hili kwa mfano wa mbali, nao ni mashindano ya wanawake ya mchezo wa gofu yaliyofanyika Marekani mwaka 2017. Huenda msomaji akauliza gofu ina nini na utamaduni wetu. Ni kweli kwamba mchezo huo uliingia nchini pamoja na ukoloni, na wengi wetu hatujapata kuishika fimbo yake. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakutufundisha kuufufua utamaduni wetu tu. Alitufundisha pia kwamba taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine hujidhulumu. Tujifunze, basi.

Gofu huchezwa kwa kuupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo, na mashimo ni 18. Mashindano makuu huendelea kwa siku nne, na mshindi ni yule ambaye jumla ya mipigo yake ni ndogo kuliko ya wenzake. Mpira ukishafika kwenye majani mafupi yanayozunguka shimo, mchezaji huruhusiwa kuweka alama nyuma yake, kuuokota na kuufuta, kisha kuurudisha pale pale ulipokuwa. Mchezo huu hauna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji hatua kwa hatua. Kila mmoja ni mlinzi wa sheria juu ya nafsi yake, na mwisho wa siku huitia sahihi kadi ya mipigo yake mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 1 Aprili 2017, huko Rancho Mirage, California, binti wa Kimarekani aitwaye Lexi Thompson, mwenye umri wa miaka 22, alifika kwenye shimo la 17. Mpira wake ulikuwa umebakiwa na kadiri ya futi moja tu. Aliweka alama, akauokota, akaurudisha, akaupiga, ukaingia. Jioni akatia sahihi kadi ya mipigo 67. Hakuna aliyeona kasoro. Si wachezaji wenzake, si wasimamizi. Lakini macho hayana pazia. Mtu mmoja aliyetazama mchezo kwa televisheni nyumbani kwake aliandika barua ya mtandao kwamba mpira haukurudishwa mahali pake hasa. Jumapili wasimamizi wakazirudia picha, wakaona kweli: mpira ulikuwa umehama kadiri ya inchi moja.

Wakati huo Thompson alikuwa anaongoza mashindano. Alipomaliza shimo la 12 akaelezwa kwamba ameongezewa mipigo minne: miwili kwa kupiga mpira mahali pasipostahili, na miwili kwa kutia sahihi kadi isiyo sahihi. Ile 67 ya jana ikawa 71. Machozi yakamtoka, lakini hakuiacha fimbo yake. Akacheza mpaka shimo la mwisho na kumaliza kwa jumla ya mipigo 274, sawasawa na So Yeon Ryu wa Korea ya Kusini. Wawili hao wakarudishwa kwenye shimo la 18 kucheza tena ili mshindi apatikane. Ryu akalimaliza kwa mpigo mmoja pungufu ya mwenzake. Akajitupa katika kidimbwi kilicho kando ya shimo hilo, kama walivyozoea kufanya washindi wa mashindano yale tangu Amy Alcott alipoanzisha desturi hiyo mwaka 1988.

Sasa tuwape nafasi wanaoitetea hukumu hiyo, maana hoja yao si dhaifu. Watasema kwamba inchi moja ni inchi moja. Tukiruhusu inchi kwa mwema, kesho mwovu atadai futi, naye atajifunika kwa nguo ile ile ya kutokusudia. Watatukumbusha pia habari ya Bobby Jones, bingwa wa Kimarekani, ambaye katika mashindano ya taifa lake mwaka 1925 aliona mpira wake umetikisika alipokuwa anajiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Jones akajishitaki mwenyewe, akajiongezea mpigo mmoja. Mwishoni akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, naye Jones akashindwa kwa mpigo mmoja. Husimuliwa kwamba aliposifiwa kwa uaminifu wake alikataa sifa, akaona ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuiba benki.

Nasi watunzi wa mashairi twaijua sheria ya namna hii. Mshororo wa mizani 15 mahali panapotakiwa mizani 16 ni mshororo uliopungua. Mtunzi hawezi kujitetea kwamba hakukusudia, kwa sababu sikio la msikilizaji halisikii nia, lasikia mizani. Hatuna budi kukubali kwamba yako mambo ambayo nia njema pekee haiyatengenezi.

Lakini mizani huhesabiwa kwa watunzi wote. Je, kule California ilihesabiwa kwa wote? Hasha. Picha za televisheni humwandama anayeongoza. Yule aliye nyuma huweza kuuhamisha mpira wake pasiwe na shahidi ila umande. Kwa hiyo Thompson hakuhukumiwa kwa kuwa amekosa tu. Alihukumiwa kwa kuwa amekosa akiwa mbele ya macho ya ulimwengu, ilhali wenzake walikuwa gizani. Msumeno unaokata mti ulio juani na kuuacha ulio kivulini haukati mbele na nyuma.

Tena, tuitazame ile mipigo miwili ya pili. Kadi haikuwa sahihi kwa kuwa mwenye kadi hakujua kwamba amekosa. Basi aliadhibiwa kwa kosa, kisha akaadhibiwa kwa kutolijua kosa. Jones aliweza kujishitaki kwa sababu aliona. Asiyeona atajishitaki kwa lipi?

Zaidi ya hayo, ipo hesabu inayopasa kumfikirisha kila mtu anayedhani kwamba sheria na haki ni kitu kimoja. Lau inchi ile ingehama mwaka 2015, Thompson angefukuzwa kabisa katika mashindano, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu ya kadi isiyo sahihi. Mwaka 2016 adhabu hiyo ililegezwa kwa asiyejua kosa lake, ikawa mipigo miwili. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2018, vyama viwili vinavyotunga sheria za gofu duniani, kile cha Marekani na kile cha St Andrews huko Scotland, viliifuta hata mipigo hiyo miwili kwa asiyejua, na vikaamua kwamba mashitaka ya watazamaji wa nyumbani hayatapokewa tena. Inchi ni ile ile, mkono ni ule ule, nia ni ile ile. Lakini hukumu zimekuwa tatu. Kilichobadilika si kosa, bali ni busara ya wanaohukumu.

Je, ushindi wa Ryu una doa? Nasema hauna. Hakumshitaki mwenziwe, hakuitunga sheria, wala hakuyapunguza mashimo yake. Alicheza siku nne kwa uaminifu, na alipoitwa kurudiana akaitika. Kumnyima heshima yake ili kumfariji aliyeshindwa kungekuwa kutenda dhuluma ya pili kwa nia ya kuiponya ya kwanza. Aliyeonewa na sheria hana daima mtu wa kumlaumu; na hilo ni gumu kulikubali kuliko adhabu yenyewe.

Hapo ndipo ninapouona utu wa Thompson. Alikuwa na njia mbili zilizo rahisi: kuondoka uwanjani kwa hasira, au kubaki na kucheza ovyo. Hakuifuata hata moja. Aliitii hukumu aliyoiona chungu, akaipigania nafasi yake kwa mipigo halali, akashindwa, akampongeza mwenzake. Kwa kuwa aliitii, hakuna aliyeweza kusema kwamba malalamiko juu ya sheria ile yalikuwa kelele za mkaidi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba asiyeitii sheria leo hupunguza nguvu za sauti yake ya kuirekebisha kesho.

Jambo hili si la viwanja vya gofu peke yake. Katika utumishi wa umma tunakutana na inchi hiyo kila siku. Mjane huja dirishani kudai mafao ya marehemu mumewe, na jina lake limekosewa herufi moja. Karani anayemfukuza kwa sababu ya herufi hiyo anaweza kuuonyesha waraka unaomruhusu, na karani anayeifuta herufi kwa siri ili kumsaidia anaifungulia mlango rushwa ya kesho. Yule aliye mtumishi wa kweli hupokea karatasi, humweleza mama huyo utaratibu wa kuisahihisha, kisha huandika kwa wakubwa wake kwamba utaratibu huo wawaumiza wasio na hatia.

Hayo ndiyo malezi tunayopaswa kuwapa vijana wetu, uwanjani, shuleni na ofisini. Tuwafundishe kutii kwa uaminifu hata pasipo na macho ya watu. Tena tuwafundishe kwamba sheria ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono hukubali kurekebishwa. Msumeno ni chombo kizuri, lakini seremala hodari hunoa meno yake, na kabla ya kukata hupima.