Nuru Itazamayo Nje

Vitu vya sikukuu vina maisha mafupi. Ua huvaliwa asubuhi likanyauka jioni. Chakula huliwa kikaisha. Wimbo huimbwa ukanyamaza. Watu wengi huamini kuwa ufupi huo ndio utamu wake, na kuwa kitu kidumucho si cha sikukuu tena bali ni cha kila siku. Imani hii ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Viko vitu viwekwavyo gizani mwaka mzima ili vitoke kwa siku chache tu, na kutoka kwake ndiko kutangazako kuwa sikukuu imefika. Je, kitu cha namna hiyo huongeza heshima ya sikukuu au huipunguza? Je, mtu afanyaye kazi mara moja ili asiirudie kila mwaka ni mwenye busara, au ni mvivu aliyevaa joho la busara? Maswali haya yaweza kupimwa kwa kitu kidogo sana: kiunzi cha mbao kishikacho taa za Krismasi dirishani.

Katika sehemu kubwa ya Marekani na Kanada usiku wa Desemba ni mrefu na baridi yake ni kali. Watu wengi wa huko huzipamba nyumba zao kwa taa za rangi tangu mwisho wa Novemba mpaka mwanzo wa Januari. Hapo kale pambo hilo lilikuwa mishumaa iliyobandikwa katika matawi ya mti, na hatari ya moto haikuwa mbali nayo. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha globu 80 nyekundu, nyeupe na buluu juu ya mti nyumbani kwake katika mji wa New York. Wakati huo lilikuwa jambo la matajiri. Karne ya 20 ilipoendelea, globu zilizofungwa katika waya mmoja zikawa bidhaa ya dukani. Zikashuka mtini, zikapanda mapaa, zikazunguka milango na madirisha. Furaha ikaenea, na taabu ikafuatana nayo.

Taabu yenyewe ni hii. Kila mwaka waya hutolewa sandukuni umesokotana kama mizizi ya mpera. Vidole vilivyokufa ganzi huufumbua fundo kwa fundo. Ngazi huegemezwa penye ardhi iliyoganda; misumari midogo hupigwa katika mbao za dirisha, pale pale ilipopigwa mwaka uliopita, hata mbao zikawa na matundu kama zilizoliwa na mchwa. Baada ya majuma machache kazi yote hufanywa tena kinyumenyume. Mwenye nyumba huingia ndani akiapa kuwa mwaka ujao hatarudia. Na mwaka ujao, watoto wakiuliza, hurudia.

Kiunzi kilizaliwa katika taabu hiyo. Mwenye nyumba hupima nafasi ya dirisha kwa futi kamba, upana na urefu, juu na chini, maana madirisha yaliyonyoka kabisa ni machache. Hupunguza kidogo katika kila kipimo ili kiunzi kiingie bila kulazimishwa, kwa kuwa mbao huvimba kwa unyevu. Hukata mbao nyembamba nne, huziunga kwa gundi na skrubu, na hutia kipande cha pembe tatu katika kila kona ili umbo lisipinde. Hupiga msasa, kisha hupaka rangi ifananayo na ya dirisha, mchana kiunzi kisionekane. Hupanga vibanio kwa umbali ulio sawa, akatia globu moja katika kila kibanio, waya ukipita nyuma. Hathubutu kupiga msumari juu ya waya, kwa sababu waya uliotobolewa ngozi yake waweza kuleta moto. Mwisho huandika nyuma jina la dirisha lenyewe: sebule, jikoni, chumba cha watoto. Desemba ifikapo, kiunzi hutundikwa katika kulabu mbili, umeme huunganishwa, nuru huwaka. Januari ifikapo, hushushwa pamoja na globu zake zote, kikaning'inizwa katika ukuta wa banda.

Huenda ikasemwa kuwa raha hii ni hasara. Sikukuu, watasema wapingao, haina budi kugharimu kitu. Jasho ni sadaka, na atundikaye kwa dakika tano hajatoa sadaka yo yote. Hoja hii haifai kudharauliwa. Ni kweli kuwa mtu hupenda zaidi kile alichokitaabikia. Lakini taabu ni za namna mbili. Iko taabu iliyo sehemu ya sikukuu, kama vile kupika pamoja, kusafiri kwenda kwa wazee, na kukesha kwa ibada. Taabu hiyo ikiondolewa, sikukuu huondoka nayo. Na iko taabu iliyo kizuizi tu njiani mwa sikukuu. Hakuna aliyepata kuheshimiwa kwa fundo la waya, wala hapana mtakatifu afurahiwaye kwa mtu kuanguka ngazini. Kuitunza taabu ya namna ya pili kwa jina la ile ya kwanza ni kuabudu mwiba kwa sababu ulikuwa karibu na waridi.

Fauka ya hayo, kiunzi hakiui kazi, huihamisha. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa haraka na manung'uniko, katika upepo, hufanywa mara moja kwa utulivu, mezani, penye mwanga wa kutosha kuona kosa na nafasi ya kulisahihisha. Kazi mbaya iliyorudiwa mara ishirini haiwi kazi njema kwa wingi wake. Kazi njema iliyofanywa mara moja hulipa kila mwaka, na wahenga walikwisha sema kuwa akiba haiozi. Akiba aghalabu hudhaniwa kuwa ya fedha au ya nafaka. Ustadi nao ni akiba, na saa iliyotumiwa vema ni akiba iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa mwivi haiwezi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Yaulizwa kwa nini pambo litumie umeme ambao ungefanya kazi ya maana. Swali hili liliulizwa na taifa zima mwezi wa Novemba 1973, mafuta yalipoadimika, Rais Richard Nixon alipowaomba wananchi wa Marekani wapunguze taa za mapambo nje ya nyumba zao. Globu kubwa ya namna ya kale hutumia wati 7. Globu 25 zizungukazo dirisha moja hutumia wati 175, na nyingi ya nguvu hiyo hupotea kuwa joto, mbele ya pazia liwezalo kuungua. Globu za LED za siku hizi, katika ukubwa ule ule, aghalabu hazifikii wati moja kila moja, na joto lake ni dogo. Mtu aweza kudhani kuwa hesabu hii imemaliza swali. Haikulimaliza. Unafuu una hila yake: aliyekuwa akiwasha dirisha moja kwa hofu ya gharama huwasha kumi kwa kuwa gharama imeshuka, na alichokiokoa kwa mkono mmoja hukimwaga kwa mkono wa pili. Uangalifu usio na mpaka hugeuka kuwa mlango wa nyuma wa ubadhirifu. Hapo kiunzi hutoa funzo bila kusema neno: kimekatwa kwa kipimo cha dirisha moja, na kina vibanio vilivyohesabiwa. Atakaye kuongeza hana budi kurudi kwa msumeno, na katika njia ya kurudi hupata nafasi ya kujiuliza kama anahitaji.

Walakini jambo kubwa katika kiunzi hiki si mbao wala wati. Ni upande ambao nuru yake huelekea. Taa ya mezani humwangazia mwenye meza. Moto wa jikoni humfaa mpishi. Lakini globu za dirishani hutazama nje. Mwenye nyumba aketipo ndani huona migongo ya globu, waya, na mbao zisizopakwa rangi. Uzuri wote ni wa mpita njia: mfanya kazi arudiye usiku, mgeni aliyepotea mtaa, mtoto katika kiti cha nyuma cha motokaa. Aliyetaabika haoni; aonaye hakutaabika, wala hajui jina la aliyetaabika, wala hatalipa cho chote.

Wazo hili ni la kale kuliko umeme, wala si la dini moja. Wayahudi, katika siku nane za Hanuka, huwasha taa zao ili kuutangaza muujiza. Mafundisho ya Talmud husema taa iwekwe mlangoni kwa nje. Akaaye ghorofani aiweke katika dirisha lielekealo njia. Na siku za hatari yatosha kuiweka mezani. Kadhalika imekatazwa kuitumia nuru ile kwa shughuli za nyumbani, kwa kuwa imewashwa ili ionekane tu. Huko Ireland nako, Mary Robinson alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1990, aliweka taa katika dirisha la makao yake mjini Dublin kwa ajili ya Wairishi waliotawanyika ulimwenguni, wajue kuwa kwao hawajasahauliwa. Taa moja ndogo haikuweza kumwangazia mtu aliye Boston au Sydney. Lakini aliyesikia habari zake aliangaziwa.

Hapa hutokea pingamizi la tatu, nalo ndilo la ndani kabisa. Kitazamacho nje chaweza kuwa zawadi, na chaweza kuwa majivuno. Kuna mitaa ambayo jirani hushindana na jirani. Huyu akiweka globu mia, yule huweka elfu, na sikukuu ya amani hugeuka kuwa vita ya waya. Nuru ni ile ile, dirisha ni lile lile. Ni kwa dalili gani zawadi itatambulikana na majivuno?

Dalili iko, na kiunzi kinayo. Majivuno hayawezi kustahimili kurudia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwenye kutaka kutazamwa hana budi kuleta kipya kila mwaka, kwa sababu macho ya watu huchoka. Pambo la mwaka jana kwake ni aibu. Zawadi haina haja hiyo. Mama hapiki chakula kigeni kila jioni ili asifiwe. Hupika kile ambacho watoto hukitazamia. Basi mtu ambaye kwa hiari yake amejenga kiunzi cha kutumika miaka mingi amekwisha jinyima silaha ya mashindano. Ameamua mapema kuwa mwaka ujao dirisha lake litakuwa kama lilivyo mwaka huu, na mwaka utakaofuata vivyo hivyo. Sifa za mara ya kwanza zitapungua mara ya pili, na mara ya tano hapatakuwa na asifuye. Yeye atatundika tu. Katika mwaka huo wa tano, asiposifiwa na mtu, ndipo nia yake ijulikanapo. Na huenda yeye mwenyewe akaijua kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo huo jambo jingine huanza. Dirisha lisilobadilika huwa alama ya mtaa. Watu husema, "Pinda pale penye dirisha la taa." Kijana aliyekulia njia ile na kwenda mbali hurudi Desemba moja, akakuta maduka yamebadilika, miti imekatwa, baadhi ya wazee wamezikwa, na dirisha lile linawaka kama alivyoliacha. Hakuna pambo jipya, hata liwe la thamani gani, liwezalo kumpa mtu huyo kile alichopewa na mbao nne zilizokwisha pauka rangi.

Uko pia upande wa uzee. Mwenye mikono yenye nguvu hana hakika kuwa atakuwa nayo mwaka wa ishirini. Taa zipigiliwazo kwa misumari juu ya ngazi hufa na miguu ya mwenye kuzipigilia. Mwaka magoti yakataapo, dirisha hubaki giza, na mtaa hujua kuwa mzee amechoka. Kiunzi kilichoandikwa nyuma jina la dirisha lake chaweza kutundikwa na mjukuu, au na mtoto wa jirani, katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Fundi aliyeandika neno "jikoni" kwa kalamu ya risasi alidhani anajikumbusha mwenyewe. Kumbe alikuwa akimwachia maagizo mtu mwingine.

Watu wamezoea kuweka uangalifu na ukarimu katika pande mbili zinazogombana: mwangalifu huitwa bahili, na karimu huitwa mpotevu. Kiunzi huamua shauri lao kwa upole. Ukarimu usio na uangalifu huwaka mara moja ukazimika, kwa kuwa mwenyewe huchoka. Uangalifu usio na ukarimu ni banda lililojaa mbao zisizopata kutundikwa. Mtu atoaye kila mwaka bila kuchoka aghalabu ni yule aliyekaa siku moja mbali na sikukuu, akapima, akakata, akafanya kutoa kwake kuwe kwepesi, ili siku ya uchovu isipate sababu ya kumzuia.

Januari taa hushushwa, na kushushwa ni haki yake. Nuru iwakayo mwaka mzima haina sikukuu. Mtaa hurudi katika giza lake la kawaida. Bandani viunzi huning'inia ukutani, vumbi likitua juu ya globu, kila kimoja na jina la dirisha lake mgongoni.