Haki ya Aliye Ndani

Kila panapojengwa mzunguko mpya wa barabara katika miji yetu, huu ambao sisi huuita raundabauti na ndugu zetu wa Tanzania huuita kipilefti, hutokea jambo moja. Siku za mwanzo watu hawajui ni nani apite na ni nani angoje. Huyu husimama pasipo haja, yule huingia pasipo haki, na wa tatu hukata upande usio wake kwa kuwa ndio ulio karibu. Honi hulia, matusi hutoka, na mara bampa hugusana. Kisha siku hupita, rangi ya mistari hufutika, na ile tabia ya siku za mwanzo huwa ndiyo ada. Mtu akiuliza, huambiwa: hapa ndivyo tulivyozoea.

Sisi twaona kwamba jambo hili si la magari peke yake. Ndani yake mna swali la tabia, nalo ni hili: haki ya mtu hulindwa na nani pale pasipo na mlinzi? Kwenye makutano yenye taa, taa nyekundu humsimamisha mtu. Kwenye makutano yenye askari, mkono wa askari humsimamisha. Kwenye mzunguko hapana taa wala mkono. Aliyepewa kazi ya kumsimamisha dereva ni dereva mwenyewe. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana wengi hupita hapo kila siku, na wachache hufikiri wanalolifanya.

Kwanza tuikumbushe kanuni yenyewe. Katika Kenya magari hushika kushoto, na kwenye mzunguko huenda upande ule ule uendao mishale ya saa. Anayetaka kuingia humpisha anayetoka kuliani kwake, yaani yule aliyekwisha kuwamo ndani. Penye safu zaidi ya moja, anayekwenda kushoto hushika safu ya kushoto, na anayekwenda kulia au kurudi alikotoka hushika safu ya ndani. Kila mmoja, akiisha kuupita mlango uliotangulia ule wake, huwasha taa ya kushoto ili wenzake wajue kwamba anatoka. Kanuni ni hiyo tu. Mtoto wa skuli aweza kuihifadhi kwa siku moja.

Wala mizunguko haikujengwa kwa ajili ya pambo. Wajuzi wa barabara wamehesabu sehemu ambazo njia za magari hukutana au kukatana. Kwenye makutano ya kawaida ya njia nne sehemu hizo ni 32. Kwenye mzunguko wa safu moja ni 8. Tena mzunguko humlazimisha dereva kupunguza mwendo, na magari yakigongana humo hugongana kwa kusuguana ubavuni zaidi kuliko uso kwa uso. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia barabara kuu yaeleza kwamba mzunguko ukichukua mahali pa makutano ya kawaida, ajali za kuua na za kujeruhi vibaya hupungua kwa kiasi cha 78 hadi 82 kwa mia. Huo si upungufu mdogo. Katika Kenya, tangu 2021 hadi 2024, hapakuwa na mwaka ambao barabara haziku-ua watu zaidi ya 4,000. Basi anayesema kwamba adabu ya barabarani ni jambo la upuuzi, na azitazame hesabu hizo.

Lakini faida hii haiji kwa zege na lami. Habari ya Uingereza yatufunza hilo. Huko mizunguko ilikuwako kwa miaka mingi kabla ya kuwako kanuni iliyo wazi ya nani ampishe nani. Aliyeweza kujipenyeza alijipenyeza. Magari yalipokuwa machache, hali ilivumilika. Yalipozidi, wanaoingia waliwazuia waliomo, na waliomo wakashindwa kutoka. Na kwa kuwa hawakuweza kutoka, hata wale walioingia kwa nguvu hawakuwa na pa kwenda. Mzunguko ulijifunga wenyewe kama kamba iliyopigwa fundo. Wahandisi walidhani dawa ni kujenga mizunguko mikubwa zaidi. Kisha, kwa utafiti ambao mhandisi Frank Blackmore alikuwa na sehemu kubwa ndani yake, ikawekwa sheria mwezi wa Novemba 1966: anayeingia ampishe aliye kuliani kwake. Fundo likafunguka. Lami ilikuwa ile ile na magari yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba watu walijua ni nani mwenye haki, nao wakampa. Ufaransa nayo, ambako desturi ilikuwa kumpa nafasi anayeingia, ilianza kuigeuza kanuni yake katika miaka ya 1980.

Hapa pana fundisho ambalo twaomba wasomaji wetu walizingatie. Yule ajipenyezaye hudhani amepata faida kwa hasara ya mwenziwe. Kwa hakika ameiziba njia ambayo yeye mwenyewe ataihitaji baada ya nukta chache. Dhuluma nyingi humrudia mwenye kuzitenda baada ya muda mrefu, na hivyo watu huzifanyia shaka. Hii humrudia papo hapo, naye bado hajifunzi.

Basi tuulize: anayengoja kwenye mlango wa mzunguko anafanya nini? Wengi husema anafanya hisani. Sisi twasema analipa deni. Hisani ni kumpa mtu kitu kilicho chako, na nafasi iliyo mbele ya aliye ndani haikuwa yako hata kidogo. Anayempisha mwenye haki asijione ametoa sadaka, wala asingoje kushukuriwa. Na asiyempisha asijitetee kwa kusema kwamba leo hakuwa na moyo wa ukarimu. Hakuombwa ukarimu, alitakiwa arudishe cha watu.

Na kinyume chake ni kweli vile vile. Wako madereva wema ambao, wakiwa wamo ndani ya mzunguko, husimama na kumpungia mkono aliye nje aingie. Nia yao ni nzuri na kitendo chao ni kibaya. Walio nyuma yao hawakutazamia wasimame, na nafasi waliyoitoa haikuwa yao peke yao. Ilikuwa ya msafara mzima ulio nyuma. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwenziwe. Usalama wa mahali pale wategemea kila mmoja aweze kukisia mwenziwe atafanya nini, na wema usiotazamiwa waweza kuvunja gari sawa na ubaya usiotazamiwa.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Makosa ya mzunguko ni ya namna mbili, na si insafu kuyahukumu kwa hukumu moja. Liko kosa la asiyejua, na liko kosa la ajuaye akapuuza. Asiyejua amedhulumiwa kabla hajadhulumu. Katika shule zetu za udereva mwanafunzi hufundishwa mzunguko juu ya ubao wenye mfano wa mji, akisukuma kijigari kidogo kwa kidole. Juu ya ubao ule hapana lori litokalo bandarini, hapana matatu iliyochelewa, hapana tuktuki wala bodaboda wala mkokoteni. Mwanafunzi hukariri maneno, hupewa leseni, kisha hukutana na mzunguko wa kweli ambao mistari yake haionekani na bango lake limefichwa na mti. Tukimcheka mtu huyu tutakuwa tumemwonea.

Wenye mamlaka ya barabara wana deni lao hapa, nalo haliishi siku ya kukata utepe. Mji wa Swindon, Uingereza, ulipofunguliwa mzunguko wa ajabu mwaka 1972, wenye mizunguko midogo mitano kuuzunguka mmoja mkubwa, haukuwaachia watu wakisie. Katika siku za majaribio aliwekwa askari kwenye kila mzunguko mdogo, na michoro ya njia ilikuwa ya muda ili iweze kurekebishwa kwa kadiri ya yale yaliyoonekana. Wenzetu wale walifahamu kwamba kitu kipya huhitaji mwalimu. Kujenga mzunguko pasipo kuwafundisha watu, pasipo mistari, mabango na mwangaza wa usiku, ni kuwapa watu mtihani wa somo ambalo hawakusomeshwa, kisha kuwaadhibu kwa kushindwa.

Ama kosa la pili, la ajuaye akapuuza, hilo halina dawa ya rangi. Mtu huyu aijua kanuni vizuri, na dalili yake ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kupiga honi akidhulumiwa. Ana kanuni mbili: moja ya kuwahukumia watu, na moja ya kujisamehe. Ukimwuliza, atakujibu kwa hoja ambayo twaisikia kila siku: “Hata nikingoja, wengine hawangoji. Mwenye kungoja ni mjinga.”

Hoja hii tusiipuuze, kwa kuwa ina chembe ya ukweli. Mzunguko una mpaka wake. Magari ya upande mmoja yakizidi sana, mlango wa upande mwingine hubaki umefungwa, na dereva aweza kungoja hata subira yake ikamwisha. Hapo si kosa lake. Mahali hapo pamezidiwa, na wahandisi wana wajibu wa kutafuta taa au njia nyingine. Lakini tukiitoa hali hiyo, hoja iliyobaki ni dhaifu. Ikiwa jirani yako wa kushoto amekataa kukulipa fedha zako, je, limekuondokea deni ulilo nalo kwa jirani yako wa kulia? Hapana mwenye akili asemaye hivyo. Aliyekuibia nafasi ni mtu mwingine, na huyu aliye mbele yako hakukukosea lolote. Ukimnyang'anya yeye, dhuluma haikulipizwa. Imeongezwa, na sasa mumo wawili.

Na tukiachia hoja hiyo itawale, mwisho wake ni kuletewa askari. Jijini Nairobi wapitao wanajua: kwenye mizunguko mikubwa, saa za asubuhi na jioni, askari wa trafiki husimama na kuyaruhusu magari ya upande mmoja kwa muda mrefu, huku ya pande nyingine yakingoja. Mwaka 2015 hata mapipa yaliwekwa katika baadhi ya mizunguko ya barabara ya Uhuru ili kuwazuia watu wasikate kulia. Hatuwalaumu askari, wengine husimama juani na mvuani kwa ajili yetu. Twasema tu kwamba askari akisimama, mzunguko huwa si mzunguko tena, na dereva huacha kumtazama mwenziwe, humtazama askari. Siku askari akiondoka, watu huwa wamesahau hata kile walichokuwa wakikijua. Waungwana wasioweza kupishana mpaka wasimamiwe wamejinyima wenyewe sehemu ya uungwana wao.

Yuko mtu mmoja ambaye hatujamtaja, naye ndiye aliye hatarini zaidi: yule aendaye kwa miguu. Katika vifo vya barabarani vya nchi yetu, waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Mzunguko humsaidia kwa kuwa magari hupunguza mwendo, na humdhuru kwa kuwa hapana taa nyekundu ya kumpa zamu yake. Dereva anayeingia hugeuza shingo kuliani kutazama magari, na mama aliyebeba mtoto yuko kushotoni, mbele ya bampa. Mama huyo hana honi wala bati la kumkinga. Haki yake yalindwa na macho ya dereva tu. Ikiwa twataka kujua mji una adabu kiasi gani, tusiyatazame magari yake makubwa yanavyopishana; tumtazame mama huyo avukavyo.

Basi, ndugu zetu, tunayoyataka si mengi. Mwenye kufundisha udereva na amtoe mwanafunzi wake kwenye ubao ampeleke kwenye mzunguko wenyewe, mara nyingi, asubuhi na jioni. Wenye mamlaka na wapake mistari kabla haijafutika, waweke vivuko vya miguu mahali ambapo watu huvuka kweli. Mwenye matatu asimpimie dereva wake kwa idadi ya safari peke yake. Nasi tulioshika usukani, tukifika mlangoni tupunguze mwendo, tutazame kulia, kisha tutazame kushoto kwa ajili ya waendao kwa miguu, ndipo tuingie.

Na aliyepitwa na mlango wake asirudi nyuma wala asikate mbele ya watu. Azunguke tena. Mzunguko una upole huu ambao njia nyingi hazina: aliyekosea hupewa nafasi ya pili, na gharama yake haifiki dakika moja. Watu wangapi wamekufa au wameua kwa kuona haya kuilipa gharama hiyo?