NGUVU ZA MWILI NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu:

Yaulizwa: Je, yamfalia Mwislamu kuutaabisha mwili wake kwa mazoezi hata misuli yake itune, au ni upuuzi na kiburi? Wako wasemao kuwa ni upuuzi mtupu, na wako walioufanya mwili kuwa ndiyo dini yao. Haki i kati ya makundi haya mawili.

Mwenye kuzidharau nguvu na akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimfadhilisha muumini mwenye nguvu kuliko aliye dhaifu, ijapokuwa katika wote wawili mna kheri. Imepokewa pia kuwa yeye mwenyewe alishindana mieleka na Rukana, akamwangusha. Basi mvivu alaye hata akawa hawezi kurukuu vema hana hoja.

Walakini, nguvu ni za nini? Hapa na watazamwe watu wawili wa zama moja.

Wa kwanza ni Eugen Sandow, aliyezaliwa Prussia mwaka 1867. Alifundisha kuinua vyuma vyepesi vya mkononi mara nyingi, nia ikikazwa juu ya kila msuli, na kula kwa kiasi, na kuoga maji baridi. Mafunzo haya hayana ubaya. Lakini alijionyesha majukwaani karibu na uchi, akijifananisha na masanamu ya Kiyunani. Na tarehe 14 Septemba 1901, katika Royal Albert Hall mjini London, wanaume walisimamishwa miili yao ipimwe kwa macho. Mshindi alipewa sanamu ya dhahabu, nayo ilikuwa sanamu ya Sandow mwenyewe! Hata leo mshindi wa mashindano ya Mr. Olympia hupewa sanamu ya mfano wake. Mwenye akili na azingatie: jambo lililoanza kwa siha limeishia kwenye sanamu.

Wa pili ni Ghulam Muhammad, maarufu kwa jina la Gama, Mwislamu wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1878. Yeye alijizoeza katika uwanja wa udongo laini: kuchuchumaa na kuinuka, kushuka na kujiinua kwa mikono, maelfu kwa maelfu, kisha mieleka na wenziwe. Chakula chake kilichojulikana ni maziwa, samli na lozi. Mwaka 1910 alikutana mjini London na Stanislaus Zbyszko, Mpolandi aliyemzidi kwa ukubwa. Huyo alilala kifudifudi zaidi ya saa mbili ili asiangushwe, na siku ya marudiano hakutokea. Mwaka 1928, mjini Patiala, Gama alimwangusha kabla dakika moja haijatimia.

Lakini fahari yake si hiyo. Mwaka 1947, India ilipogawanywa na damu ikamwagika, yasimuliwa kuwa Gama alisimama mjini Lahore kuwahami jirani zake Mabaniani dhidi ya Waislamu wenziwe waliojaa ghadhabu. Mtume alifundisha kuwa mwenye nguvu hasa si yule aangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Na jirani ana haki yake, ajapokuwa si Mwislamu. Siku hiyo ndipo maelfu yale ya kuchuchumaa yalipopata maana.

Sandow alikufa mwaka 1925. Gama alikufa mwaka 1960, baada ya maradhi na dhiki. Misuli ya wote wawili imeliwa na udongo; kilichosalia ni kile ambacho kila mmoja alikifanyia.

Basi kijana ainuaye vyuma na aendelee, lakini na ajihesabu. Ikiwa zoezi lampitisha wakati wa sala, au lamvua nguo baina ya kitovu na magoti mbele ya watazamaji, amekhasiri. Ikiwa ajidunga dawa za kutunisha misuli, ambazo matabibu wamethibitisha kuwa zadhuru moyo na ini, ameihini amana. Na ainuaye ratili mia za chuma, kisha asilitoe bega lake jeneza la jirani lipitapo, huyo ni dhaifu. Hamali achukuaye gunia ili wanawe wale, ambaye hapana ampimaye kwa macho, ana nguvu kuliko yeye.

Wallahu aalam.