WAVUVI WA SIKU YA SABATO NA SISI



Ndugu Waislamu wa Kalunguta, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuumba na kuturuzuku, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Katika Sura Al-Aaraf, kuanzia aya ya 163, tunapewa habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo samaki walikuja juu ya maji kwa wingi. Ulikuwa mtihani. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao walitega nyavu Ijumaa wakazitoa Jumapili, wakadai hawakuvua Sabato. Waliishika sheria kwa ulimi, wakaivunja kwa mikono.

Na sisi tuna sheria. Sheria ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982. Ya mazingira ilitoka 2011, na ya kuhifadhi viumbe vya asili tarehe 11 Februari 2014. Uvuvi nao, miaka mingi baada ya uhuru, uliendelea kuongozwa na dekreti za Wabeleji za 1932 na 1937. Sheria kuukuu zinahitaji kufanywa upya, maana watu wameongezeka na nyavu za leo si za babu zetu. Lakini sheria mpya itatufaa nini ikiwa tutaitafutia hila siku ile ile inapotoka?

Tazameni Ziwa Edouard, ambako samaki wa masoko yetu hutoka. Miaka ya 1970 parke ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Waliuawa kwa risasi, kwa ajili ya nyama na meno. Hesabu ya 2005 ilikuta chini ya 1,000. Mavi ya kiboko hurutubisha maji, na maji hayo hulisha samaki. Aliyeua kiboko amepunguza pia chakula cha mjane wa Kyavinyonge. Na anayevua kwa chandarua cha mbu kwenye mazalio anamaliza samaki wa mwakani.

Kwa mwindaji pia kuna neno. Sura Al-Maida, aya ya 3, imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kunyongwa. Basi nyama uliyoikuta imekufa kwenye mtego wa waya ni haramu kwako, hata kama hakuna mlinzi wa parke aliyekuona. Wala tusiseme kwamba mahali pa kukatazwa kuwinda ni jambo la wazungu, lililoletwa na parke mwaka 1925. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa mahali patakatifu: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe.

Mtu atasema: "Watoto wana njaa, na wenye bunduki wanavua bila kuulizwa." Hasemi uongo. Sheria inayomkamata maskini na kumwacha mwenye silaha haina uadilifu. Lakini kumbukeni, katika mji ule walikuwamo walioasi, waliokataza, na waliowauliza wenzao wanawaonya za nini. Qur'ani inatuambia waliokataza uovu waliokolewa.

Tuwe katika hao. Kwa wakubwa wa Leta tuseme: wavuvi na wawindaji waulizwe kabla sheria haijaandikwa, na ikishatoka isomwe barazani kwa Kiswahili na Kinande, watu wasiijue siku ya kukamatwa tu. Na sokoni tusinunue samaki wachanga wala nyama ya mtego. Mwenye hila akikosa mnunuzi, ataacha.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, uwalinde wavuvi wetu majini, na utupe amani katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.