Mkanda Ulio Wazi

Neno “mfano” lina maana mbili. Ni nakala ya kitu kilichopo, na pia ni jambo la kuigwa. Kwa miaka mingi sikuona ugomvi kati ya maana hizo, kwa sababu nilikuwa nikitengeneza treni.

Hapa Sibwesa, mtoto wa Katavi hakosi kuisikia hadithi ya reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, ikawa ya abiria na magunia ya mahindi. Ninatengeneza vichwa vya treni kwa mabati ya makopo ya mafuta ya kula, spoku za baiskeli na soli za kandambili. Kipimo changu ni moja kwa ishirini: reli zenye upana wa mita moja hukaa kwenye sentimita 5. Ukikosea milimita 2, gurudumu linaanguka. Uaminifu ulikuwa ni rula tu.

Kisha nikatengeneza karasha. Wachimbaji wadogo wanaifahamu: pipa la chuma lenye gololi nzito, linazungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda, mawe yanasagika kuwa unga, unga unakwenda mwaloni kuoshwa. Niliiga karasha moja ninayoijua. Mkanda wake hauna kava. Kijana wa jirani alipoteza vidole viwili pale, na mwenye mashine alisema ni uzembe wake.

Kijana yule aliutazama mfano wangu kwa muda mrefu. “Kaka,” akasema, “weka kava.”

Nilimjibu kwamba nikiweka kava nitakuwa nimemsafisha mwenye mashine. Atakayeona mfano atadhani kinga ilikuwepo, na kwamba aliyeumia alijitakia. Bati dogo la sentimita 6 lingekuwa ushahidi wa uongo.

Naye akanijibu kwamba watoto wanaokuja barazani kwangu hawaji kusikiliza kesi. Wanakuja kuiga. Kesho watakunja waya wao, watafunga mpira wao, na watakua wakijua kwamba karasha ndivyo ilivyo: mkanda wazi, mkono karibu. Kwao, kukosa kava si kosa la mtu, ni umbo la mashine.

Bado naamini nilikuwa na hoja. Anayeiga dhuluma kwa usahihi anaihifadhi isisahaulike. Lakini naye alikuwa na hoja: anayeihifadhi bila kuitaja anaifanya ionekane ya kawaida. Rula inapima mkanda, haipimi lawama.

Sikuweka kava. Aliiweka yeye. Alikata bati la kopo jekundu kwa mkono wenye vidole vitatu, akalifunga kwa waya mmoja juu ya mkanda. Nilimpa rangi ya kijivu ilingane na mashine. Akaikataa.

Sasa kila anayeuona mfano ule anauliza kwa nini kipande kile ni chekundu. Mwenye mfano anapaswa kujibu, na jibu haliwezi kutolewa bila kutaja vidole.